Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga: nenda na muda, nenda na maswali

Kitu cha kwanza kitakachomshangaza mgeni ni udogo wa mahali penyewe. Makumbusho ya Mkwawa ni jengo moja dogo katika kijiji cha Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, jirani na njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Aliyezoea makumbusho ya mijini yenye kumbi na ngazi anaweza kuzunguka vyote vilivyomo kwa dakika 20, akapiga picha mbili za nje na kuondoka. Safari ya namna hiyo haina faida kubwa. Kalenga panataka saa mbili, panataka mtu wa kukueleza, na panataka ufike ukiwa tayari unajua angalau nusu ya habari. Ukitimiza hayo matatu, hakuna sehemu ya historia katika Nyanda za Juu Kusini inayokupa mengi kiasi hiki ndani ya eneo dogo namna hii.

Kilichoipatia Kalenga jina ni fuvu. Limewekwa ndani ya kabati la kioo, nalo ndilo linalotambuliwa kuwa fuvu la Mtwa Mkwawa, kwa jina refu Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga, mtawala wa Wahehe aliyepambana na Wajerumani tangu 1891 hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898. Wageni wengi hulitazama kwa hatua mbili nyuma, kwa hofu au kwa heshima. Heshima ni jambo jema, ila sogea. Tafuta tundu la risasi, maana bila tundu lile fuvu hili lisingekuwa Kalenga leo.

Habari yake ni hii. Katika miaka ya mwisho Mkwawa alikuwa akiwindwa msituni, kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000. Doria iliyoongozwa na sajini-meja Merkl ilipomfikia maeneo ya Mlambalasi, alikuwa ameshajipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa kilikatwa kikachukuliwa, mwili ukabaki ukazikwa hukohuko. Miaka 20 baadaye, Wajerumani wakiwa wameshindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, H. A. Byatt, aliyekuwa msimamizi wa Kiingereza wa nchi hii, aliishauri serikali yake idai fuvu hilo. Ushauri wake ni wa tarehe 14 Novemba 1918, siku tatu tu baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Matokeo yake yaliingia katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246: Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Kifungu hichohicho kiliagiza pia Kurani ya Khalifa Othman irudishwe kwa Mfalme wa Hijazi. Mtu anayepitia mkataba ule, uliojaa mipaka ya nchi, fidia na meli za kivita, anakutana ghafla na jina la mtawala wa Uhehe. Kwa mwalimu wa Historia, hiyo peke yake ni sababu ya kuleta darasa.

Miezi sita ilipita, ikapita miaka 30 na zaidi. Mwaka 1953 Edward Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alikwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, ambako kulikuwa na mkusanyiko wa mafuvu 2,000. Kati ya hayo, 84 yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yakachaguliwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na miongoni mwa hayo ni moja tu lililokuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililoletwa, na tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, hapa Kalenga.

Simama mbele ya kabati ukiwa na habari hizi kichwani, uone jinsi maswali yanavyokuja. Je, ni lenyewe kweli? Mwaka 1953 hapakuwa na kipimo cha vinasaba. Palikuwa na rula, kumbukumbu na tundu. Shaka hiyo imeandikwa na wanahistoria kwa miaka mingi, wala si matusi kumuuliza mhifadhi. Uliza kwa upole, na usiulize mbele ya kundi la wazee waliokuja kuhani. Kwao suala hili lilishakwisha mwaka 1954, na haki ya kulimaliza walikuwa nayo.

Swali lililo zito zaidi, na ambalo wageni wachache sana huliuliza, ni la mafuvu mengine 83. Yalikuwa ya akina nani? Yalitoka vijiji gani, na yalipakiwa na nani? Fuvu moja la Kalenga lina jina kwa sababu mwenyewe alikuwa mtawala, na kwa sababu Waingereza waliona faida ya kulidai. Wengine walipelekwa wakiwa namba. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Vita vya Majimaji, suala la mabaki ya watu waliochukuliwa lilikuwa mezani, likiwemo la kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, kinachotafutwa na ukoo wake. Kwa hiyo kabati la Kalenga linahusu mambo ambayo familia za kusini mwa Tanzania zinayadai mpaka leo, na mgeni anayetoka pale bila kuliona hilo ameambulia kidogo.

Na tarehe yenyewe ya 1954 nayo itazame vizuri. Jirani zetu Kenya walikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952. Tanganyika, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, siku 18 baada ya sherehe ya Kalenga. Gavana wa kikoloni hakuvuka bahari kutafuta fuvu kwa huruma peke yake. Alitaka Wahehe wawe upande wake. Ukweli huo hauifanyi siku ile iwe ndogo kwa waliopokea. Unaonyesha tu kwamba kitu kimoja kinaweza kurudishwa kwa sababu moja na kupokelewa kwa sababu nyingine kabisa.

Vifaa vingine vilivyomo ni vichache: mikuki, ngao, rungu, bunduki za kale, na vitu vya aina hiyo. Mtu akivitazama kimojakimoja atavimaliza upesi. Njia nzuri ni kuvitazama pamoja huku ukiwa na mapigano ya Lugalo akilini. Tarehe 17 Agosti 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, alikuwa akipita katika nchi ya Uhehe na askari wapatao 320, maofisa wa Kizungu, wapagazi na mizinga. Askari hao wengi hawakuwa Wajerumani: walikuwemo Wasudani na watu waliochukuliwa kutoka upande wa Wareno kusini. Wakatembea kwa safu ndefu katika njia nyembamba. Wahehe 3,000 hivi walikuwa wamejificha kwenye vichaka na mawe pembeni, wengi wao wakiwa na mikuki. Mlio mmoja wa ishara ukasikika, na wakawa wameshafika juu ya safu.

Hapo ndipo kabati lenye mkuki na bunduki linapoanza kusema. Bunduki ya wakati ule ina nguvu ukiwa na umbali na nafasi ya kujipanga. Adui akishakuwa hatua tano kutoka kwako, na wewe umebana kati ya mpagazi wa mbele na wa nyuma, inabaki chuma kizito mkononi, na mkuki mfupi wa kuchomea unakuwa silaha bora. Zelewski aliuawa, kikosi kikavunjwa kwa muda mfupi sana, na kilichosalia, sehemu ya nyuma ya safu chini ya Luteni Tettenborn, kikarudi pwani. Wahehe waliondoka na bunduki zinazokadiriwa kufika 300 pamoja na mizinga. Kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam, ambayo abiria wa daladala za Mwenge huipita kila siku, imechukua jina kutoka uwanja huo.

Mwombe mwongozaji akueleze pia jinsi Wahehe walivyojifunza vita. Mbinu zao hawakuzitoa hewani. Zilitokana na miaka ya kupigana na Wasangu na Wangoni, na Munyigumba, baba yake Mkwawa, aliyefariki 1879, ndiye aliyeziunganisha koo nyingi ndogo zikawa nguvu moja. Kisha uliza swali la pili linalofuata: kama Lugalo walishinda kwa kuvizia, kwa nini miaka mitatu baadaye walingoja ndani ya ukuta?

Jibu la hilo liko nje ya jengo, na ndiyo maana tunasema saa mbili. Kalenga ndiyo iliyokuwa makao makuu, Iringa ya awali kabla Wajerumani hawajaanzisha mji mpya juu kilimani mwaka 1896. Mkwawa alipajengea ngome iliyoitwa Lipuli, jina ambalo wapenzi wa soka wanalijua kupitia timu ya Iringa. Usije ukitarajia kuona ngome imesimama. Ilibomolewa, na sehemu kubwa ya eneo lake leo ni makazi na mashamba ya watu. Asiyeonyeshwa na mwenyeji hupita juu ya mabaki akidhani ni tuta la kawaida. Mwombe mtu wa kukuzungusha, mkubaliane kabisa kabla ya kuanza, na muwe mnaomba ruhusa kila mnapoingia kwenye uwanja wa mtu.

Tarehe 28 Oktoba 1894, Gavana von Schele alifika hapa na jeshi kubwa kuliko la Zelewski. Wajerumani walikuwa wamejifunza. Safari hii hawakujipanga safu nyembamba wakangoja kuviziwa, walileta mizinga wakaipiga ngome kutoka mbali. Ukuta ambao ungewasumbua wapiganaji wa Wasangu au Wangoni kwa miezi ulikuwa shabaha isiyohama. Kufikia tarehe 30 ngome ilikuwa imeingiwa, na waliosalia wakapigana nyumba kwa nyumba. Mkwawa aliponyoka. Wenyeji watakuonyesha upande wa Tosamaganga, kwenye mwinuko, kuwa ndiko mizinga ilikolia. Geuka utazame kule, halafu tazama bonde la Mto Ruaha Mdogo upande wa chini. Kuanzia hapo huhitaji ramani kuelewa kilichotokea.

Si mbali na jengo kuna kaburi la ofisa wa Kijerumani, Erich Maass, aliyeuawa katika mapigano hayo, na karibu na makumbusho yapo makaburi ya ukoo wa Mkwawa: la Chifu Sapi, mtoto wake, na la Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi na kufariki mwaka 1999. Makaburi ya ukoo ni mahali pa ibada ya watu walio hai. Usikae juu yake, usiweke begi, na kama unataka picha, omba.

Sasa upande ambao mgeni lazima aujazie mwenyewe. Simulizi ya Kalenga ni simulizi ya shujaa, na inastahili kuwa hivyo. Watu walionyang'anywa kichwa cha mtawala wao wana kila sababu ya kumtukuza. Lakini himaya ya Mkwawa ilikua pia kwa kuwapiga majirani. Wasangu walifukuzwa kutoka sehemu ya nchi yao, na Merere, mtawala wao, aliwaunga mkono Wajerumani kwa sababu hiyo. Wabena, Wagogo na wengine walio jirani wana kumbukumbu zao za vijana wa Kihehe kufika na mikuki. Hata ndani ya ukoo palikuwa na mpasuko: Mpangile, ndugu yake Mkwawa, alisimikwa na Wajerumani Desemba 1896, na Februari 1897 wakamnyonga wao wenyewe wakimtuhumu kuwa bado anamsaidia kaka yake. Uliza habari za Mpangile. Uliza pia wanawake wa Kalenga walikuwa wapi na walifanya nini siku ngome inapigwa. Ukipata mwongozaji mzuri, maswali haya ndiyo yatakayomfanya aache maelezo ya kila siku na kukaa chini kuongea na wewe. Ukiingia na salamu ya wenyeji, "Kamwene", mlango hufunguka mapema zaidi.

Kuhusu kufika. Kutoka Iringa mjini ulizia gari za Kalenga stendi. Ukishuka, kibao kitakuonyesha njia, na bodaboda wa pale wote wanapajua "kwa Mkwawa". Mwenye gari lake hana shida, ila awe makini wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, barabara za udongo zinapoteleza. Nenda asubuhi. Sababu si jua tu: makumbusho ya kijijini huwa na watumishi wachache, na mhifadhi akiitwa mjini au akiwa na kundi nje, mlango utaukuta umefungwa. Ukiukuta hivyo usigeuze gari. Uliza nyumba za jirani, mara nyingi mwenye ufunguo hayuko mbali. Kiingilio cha raia na cha mgeni wa nje hutofautiana, na viwango hubadilika, hivyo beba kitambulisho, beba noti ndogondogo na salio kwenye simu kwa sababu malipo ya serikali siku hizi mara nyingi hupitia namba ya malipo, kisha chukua stakabadhi yako. Huduma ya kukuzungusha kijijini ni jambo jingine tofauti na kiingilio. Mpe mtu haki yake. Chakula kula mjini. Miezi ya Juni na Julai ni mizuri kwa sababu njia ni kavu na kumbukumbu zote mbili, 19 Juni na 19 Julai, zinaangukia hapo, lakini Iringa iko juu sana na baridi ya asubuhi ya miezi hiyo inataka sweta.

Walimu, hili ni lenu. Kosa linaloharibu ziara za shule Kalenga, na makumbusho madogo kwa jumla, ni kuwaingiza wanafunzi 60 kwa mara moja. Wa mbele wanaona kioo, wa katikati wanaona migongo, wa nyuma wanaanza kucheza na mlango. Wagawe makundi ya 15. Kundi moja linaingia ndani kwa dakika 20. La pili liko kwenye makaburi na mwalimu. La tatu linatembea na mwenyeji kuelekea mabaki ya ngome. La nne linakaa kivulini likijaza maswali. Kisha wanabadilishana. Kwa kundi la 60 hesabu dakika 80 za mzunguko, ongeza 20 za kufika, kusalimiana na kujipanga, na 20 za mwisho za maswali ya pamoja kwa mhifadhi. Tuma barua wiki mbili kabla, uandike idadi, darasa na mada mnayosoma, ili mhifadhi ajue aeleze Lugalo kwa undani au aanze na Mkwawa ni nani. Maswali ya wanafunzi yasiwe ya tarehe tu. Wape kama haya: Chagua kifaa kimoja, ueleze kingefaa vita vya karibu au vya mbali na kwa nini. Taja watu watatu waliotaka fuvu hili lirudi, na kila mmoja alitaka kwa sababu gani. Kama ungekuwa Msangu wa mwaka 1894, ungesimulia vipi kuanguka kwa Kalenga? Mtoto wa kidato cha pili anayejibu hilo la tatu ameelewa zaidi ya aliyekariri kurasa kumi.

Na kabla hawajaingia waelezwe sababu za masharti, siyo masharti matupu. Vidole vina jasho, jasho lina chumvi, na chumvi juu ya chuma cha mkuki huanza kutu ambayo huioni leo ila utaiona baada ya misimu michache. Ngozi ya ngao inapenda hewa isiyobadilika. Ikilowa kwa unyevu wa masika na kukauka ghafla kiangazi, hujikunja na kupasuka kwenye mishono, na wadudu hupenda kutagia hapohapo. Mlango ukiachwa wazi kutwa kwa sababu ya kundi kubwa, vumbi na unyevu vinaingia pamoja. Mwanga mkali wa kamera unachosha rangi za vitu vya asili na picha za karatasi, kwa hiyo uzime hata pale unaporuhusiwa kupiga picha.

Wapo wanaotembelea wakatoka na moyo wa kutoa kitu cha nyumbani: mkuki wa babu, kigoda, kibuyu, picha ya zamani. Ni jambo la kutiwa moyo sana, ila lifanywe sawasawa. Usisugue mkuki kwa msasa ili ung'ae. Unaondoa alama za nyundo ya mhunzi, na hizo ndizo mtaalamu anazotafuta. Usipake vanishi kwenye mti wala mafuta ya kupikia kwenye ngozi, maana mafuta hayo huoza na kuita panya. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu laini, ufunge kwa shuka safi la pamba, basi. Halafu andika: kilitengenezwa na nani, kilitumika na nani, kijiji gani, kilifanya kazi gani, kilifikaje mkononi mwako. Kigoda chenye karatasi hiyo ni ushahidi. Kigoda kisicho nayo ni kiti tu. Kama kitu hukitoi, piga picha pande nne, mrekodi mzee anayekijua kwa simu, aanze kwa kutaja jina lake, kijiji na tarehe, na nakala uiweke sehemu mbili. Simu huibwa, kadi hufa, na mzee haulizwi mara ya pili.

Aliye na siku nzima asianzie Kalenga. Aanzie Boma la Iringa pale mjini, jengo la Wajerumani la mwaka 1900 lililokuwa hospitali ya jeshi, kisha ofisi za serikali, na tangu 2016 makumbusho ya mkoa. Maelezo yake yamepangwa vizuri, yanahusu watu wa mkoa mzima na nyakati zote, na yatakupa msingi ambao Kalenga haina nafasi ya kuutoa. Saa moja na nusu inatosha, halafu Kalenga kabla ya saa sita.

Mchana, kama gari ni la juu na njia ni kavu, endelea hadi Mlambalasi, karibu kilomita 50 kutoka mjini. Huko ndiko ulikozikwa mwili. Watu wengi hawajui kwamba kaburi na fuvu viko mahali pawili tofauti, na mwenye kutaka kumaliza hija yake inabidi aende kote kuwili. Mwamba wa Mlambalasi una hazina nyingine pia: watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada, wamechimba pale na kukuta mabaki ya binadamu na shanga za maganda ya mayai ya mbuni, za maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa. Usiokote kitu chochote chini, hata kipande cha jiwe. Maji ya kunywa beba kutoka mjini, viatu viwe vya kufunika kidole, na pitia Kalenga kwanza uulize kama yupo mtu wa kwenda naye, kwa sababu ukifika peke yako unaweza kukosa wa kukuonyesha.

Isimila, kilomita 20 hivi kwenye barabara ya Mbeya, iache kwa siku nyingine. Ni mambo ya Zama za Mawe, na ukiichanganya na Kalenga vyote viwili vinaharakishwa. Lugalo iweke kwenye safari ya kurudi Morogoro na Dar es Salaam. Mnara wa kumbukumbu uko upande huohuo, mashariki ya Iringa, na ni vizuri kumwambia dereva mapema, maana basi likishashika mwendo halisimami.